Acheni Kuosha Mbao

Kuna kauli iliyozoeleka Mwanza, kuanzia Buhongwa hadi Kirumba, na siku hizi inasemwa kwa uhakika kana kwamba imeshathibitishwa: samani za mbao za mafundi wetu hazidumu. Meza inapasuka, kochi linacheza miguu, kabati linapauka, kitanda kinaliwa na wadudu. Kwa hiyo, wanasema, mwenye akili anunue za dukani zilizotoka nje, nyepesi, zinazong'aa, ambazo unazipitishia tambara bichi na kazi imekwisha. Kauli hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza inazihukumu mbao, ya pili inausifu usafi wa maji. Napinga zote mbili, na nadai kwamba hiyo ya pili ndiyo iliyoizaa ya kwanza. Samani nyingi tunazosema zimekufa kwa ubovu wa mbao zimekufa kwa namna tunavyozisafisha.

Tuanze na hukumu dhidi ya mbao. Mninga tunaouona katika karakana za Mwanza hutoka kwa wingi katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi. Maseremala wa Afrika Mashariki na wa kusini mwa Afrika wameuchagua vizazi hata vizazi kwa sababu zinazojulikana: kiini chake kina viasili ambavyo mchwa na kuvu huvikwepa, na ukishakauka sawasawa hausinyai wala kuvimba sana ukilinganishwa na mbao nyingine. Mkongo ni mgumu na mzito, nao huhimili wadudu. Hata paini, ambayo haina jina la kifahari, ina mashamba yake mkoani mwetu, Buhindi upande wa Buchosa na Rubya kisiwani Ukerewe; ikikaushwa, ikatiwa dawa na kukaa pakavu, hudumu.

Anayebisha aende Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kituo kilichoasisiwa na Padre David Clement katika miaka ya 1950. Pale kuna viti na ngoma za watemi. Utawala wa kichifu uliondolewa Tanganyika mwaka 1963, kwa hiyo vyombo vya enzi hizo vimeshapita miaka 60, na bado vinasimama. Ushahidi wa mbali zaidi uko Misri. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, ndani yake mlikuwa na viti, vitanda na masanduku ya mbao yaliyokaa humo zaidi ya miaka 3,200. Kilichovilinda vyombo hivyo ni ukavu. Ubao hauuawi na uzee. Unauawa na maji, jua, wadudu na mkono wa mwenyewe.

Sasa tuutazame mkono huo. Katika nyumba zetu nyingi usafi wa asubuhi unaanza na ndoo. Tambara linachovywa kwenye maji yenye sabuni ya unga, linakamuliwa nusunusu, linapita juu ya meza, mikono ya makochi, milango ya kabati na kichwa cha kitanda. Kisha sakafu inapigwa deki, na miguu ya samani inasimama katika maji hayo mpaka yakauke yenyewe. Kesho yake hivyo hivyo. Nyumba inanukia usafi, mgeni anasifia, na hakuna anayeona kilichotokea ndani ya ubao.

Ubao ni mkusanyiko wa mirija midogo iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai, na haijasahau kazi yake. Ukiulowesha unakunywa, ukiuacha unatema. Unapokunywa huvimba upande wa upana, na karibu hautikisiki upande wa urefu. Vanishi iliyo juu yake huzuia maji kwa kiasi, lakini haipo kila mahali. Geuza meza yako utazame chini: mafundi wengi hawapaki huko. Tazama nyayo za miguu, pale msumeno ulipokata mirija ikabaki wazi; hapo ndipo ubao hunywa kwa kasi kuliko popote, na hapo ndipo maji ya deki yanapotuama. Kila asubuhi ubao unavimba, kila alasiri unasinyaa. Vanishi haiwezi kuufuata mwendo huo milele. Inapata nyufa ndogo, na kuanzia siku hiyo kila tambara linapenyeza maji ndani.

Kisha zamu ya viungo inafika. Mguu wa meza umeshikwa na ulimi wa mbao ulioingizwa kwenye tundu lake na kufungwa kwa gundi nyeupe. Gundi hiyo ina nguvu ikiwa kavu, lakini maji huilainisha. Ulimi ukivimba na kusinyaa ndani ya tundu mwaka mzima, huku gundi ikilegea, mguu utacheza tu. Na mguu ukishacheza, tunatoa hukumu: fundi katudanganya.

Sabuni ya unga inaongeza balaa. Imetengenezwa ing'oe mafuta kwenye nguo, na ina ukali wa magadi. Juu ya vanishi inakula mng'ao kidogo kidogo na kuacha ukungu mweupe usioondoka kwa maji, kwa sababu maji ndiyo yaliyouleta. Wapo wanaoongeza dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ili kuua vijidudu. Kwenye mbao, dawa hiyo inaunguza rangi tu.

Hapa huja hoja ninayoiheshimu kuliko zote, kwa kuwa inatoka kwa watu wa ziwa. Wanasema: mitumbwi ya Mwaloni, Igombe na Ukerewe ni ya mbao na inakaa majini miaka, iweje meza ishindwe na tambara? Jibu wanalo wenyewe. Mtumbwi unaokaa majini umeshiba maji na unabaki umeshiba. Mbao zake zimevimba zikabanana. Upandishe ufukoni ukae juani wiki kadhaa, utafunguka mianya, na siku ya kuurudisha utavuja. Kinachouumiza ubao ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, bila kutulia katika hali moja. Tena mtumbwi umefungwa kwa misumari, mianya yake imekalafatiwa kwa pamba, na mwenyewe anaukarabati kila mara kwa sababu uhai wake unautegemea. Meza haina kalafati, ina gundi, na hakuna anayeikarabati. Kwa hiyo wavuvi ni mashahidi wa upande wangu.

Mji huu wenyewe unatutaka tuwe waangalifu zaidi. Masika hewa ya ziwani inajaa unyevu. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo ni mkavu na vumbi ni jingi. Droo iliyofunguka vizuri Julai inakwama Aprili. Wengi humwita fundi airande. Anairanda, inafunguka, na kiangazi kikirudi inalegea na kuachia nafasi ambayo haitaziba tena. Droo ile haikuwa mbovu. Ilivimba kwa msimu, na ingesinyaa kwa msimu. Ingetosha kuipaka nta ya mshumaa kwenye njia zake na kuisubiri.

Vumbi nalo lina mambo yake. Mwanza imekaa juu ya mawe ya matale, na chembe za mawe hayo zilizosagika barabarani na kupeperushwa hadi sebuleni ni ngumu kuliko vanishi yoyote. Ukizisugua kwa nguvu kwa kitambaa kikavu kilichokwisha kuchafuka, unapiga msasa meza yako bila kujua. Mtu anaweza kunitega hapa: maji hutaki, ukavu nao hutaki, tufanyeje? Kitambaa laini cha pamba kiloweshwe kidogo, kikamuliwe mpaka kisitoe tone, kipite taratibu kufuata mistari ya ubao ili vumbi ling'ang'anie kitambaani. Nyuma yake kifuate kitambaa cha pili, kikavu, papo hapo. Hicho cha pili ndicho nyumba nyingi hazina, na bila hicho kazi yote ya kwanza ni hasara.

Imani nyingine inayotuponza ni kwamba kinachong'aa ndicho kisafi. Kwa ajili ya mng'ao watu wanapaka mafuta ya taa. Yanang'aa kwa saa chache kwa sababu yanaloweka uso wa ubao. Wakati huo huo yanaondoa nta, yanailainisha vanishi dhaifu, yanaacha utando unaonasa vumbi na harufu, na yanaweka kitu kinachoshika moto katikati ya sebule. Wengine wanapaka mafuta ya nazi au ya kupikia. Mafuta hayo hayakauki yakawa gamba gumu kama mafuta ya kitani yanavyofanya. Ya nazi yanabaki mafuta, ya kupikia yanageuka ulimbo, na yote yanakusanya vumbi. Mwenye meza akiona imepauka anaongeza mengine juu yake.

Kisha Desemba inafika, au Idi inakaribia, na fundi wa vanishi anaitwa apige mkono mmoja haraka kabla wageni hawajaja. Anapaka juu ya mafuta, juu ya sabuni, juu ya vumbi lililoganda. Vanishi haishiki juu ya mafuta. Kufikia Pasaka inabanduka kama magamba ya samaki. Mwaka unaofuata yanakwanguliwa, na kila mkwanguo unaondoka na ubao wenyewe. Samani inayotunzwa vizuri haihitaji vanishi kila mwaka. Anayeihitaji kila mwaka ana kosa katika mwaka mzima, na vanishi ya Desemba inalificha tu.

Niseme pia kuhusu nailoni tunazofunikia meza za chakula ili zisichafuke. Chini ya nailoni joto na unyevu hunaswa, na viungo vinavyoilainisha plastiki huhamia kwenye vanishi hadi vikagandana. Vitambaa vya kufuma havina ubaya huo, alimradi vinaondolewa na kukung'utwa. Meza ya chakula inatosheka na kitambaa cha pamba na kikeka kidogo chini ya kila chombo cha moto. Na kabati lililo mbele ya dirisha la magharibi lisogezwe: miali ya urujuanimno ya jua huvunja kile kinachofunga nyuzi za ubao kwa juu, na rangi inaondoka hata vanishi ikiwa nzima.

Watu watasema: lakini mchwa hawaji kwa tambara. Wengi wao huja kwa unyevu. Mchwa wa ardhini huishi kwa kutegemea unyevunyevu, na hupanda kutoka udongoni kwa vijia vya udongo wanavyovijenga ukutani. Mguu wa kabati uliolowa kila siku, ulioegemea ukuta, ambao hakuna anayetazama nyuma yake, ni mwaliko. Kabati lisogezwe mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, na nyuma yake pakaguliwe kila mwezi. Wako pia wadudu wanaotoboa mbao na kuacha unga mwembamba chini. Hao hufuata wanga ulio katika sehemu nyeupe ya ubao, ile iliyokuwa karibu na gome, na mara nyingi huingia nyumbani pamoja na samani mpya.

Hapa nawapa wapinzani wangu haki yao. Wapo mafundi wanaotumia mbao ambazo hazijakauka kwa sababu mteja anataka kochi Jumamosi. Wapo wanaochanganya sehemu nyeupe na kiini, kisha wanaifunika kwa rangi nyekundu. Samani kama hiyo itapinda na kuliwa hata ikitunzwa vipi. Lakini dawa ya hilo ni mnunuzi kuiona mbao kabla haijapakwa rangi, kuuliza imekaushwa muda gani, na kukubali kusubiri. Kuiacha kazi yote ya seremala kwa sababu ya fundi mwenye haraka ni kuuadhibu ufundi mzima kwa kosa ambalo sisi wateja tumelishiriki.

Sasa tuzitazame hizo za dukani. MDF na chipubodi ni nyuzi au vipande vidogo vya mbao vilivyochanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto. Vina matumizi yake, na kutumia mabaki ya mbao ni jambo jema. Ninachokikataa ni sifa ya kwamba havina taabu ya maji. Utando wa juu unaong'aa huhimili tambara. Kilicho ndani hakihimili. Maji yakipenya ukingoni, kwenye tundu la skrubu au chini ya mguu, nyuzi zinavimba na hazirudi zilivyokuwa. Skrubu inakosa pa kushika, bawaba inang'oka, mlango unaning'inia. Hakuna fundi wa kurudisha hapo, kwa sababu hakuna cha kuranda. Ubao halisi wa mninga ukilowa hukaushwa taratibu kivulini, ukarandwa kidogo, ukapigwa msasa na kugundishwa upya. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka rekodi ya mwaka 1964, na maji yakaingia katika makazi ya mwambao. Kwa wanaoishi ukingoni mwa ziwa kama hili, samani inayoweza kulowa na kupona ni hitaji la kweli.

Kuna na suala la afya. Gundi nyingi za mabamba hayo zina fomaldehaidi, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kiasi kinachotoka hutegemea ubora wa bamba, na mabamba mazuri hutoa kidogo. Lakini joto na unyevu huongeza kinachotoka, na vyote viwili tunavyo hapa. Mnunuzi anayeambiwa kwamba samani hiyo ni safi zaidi ana haki ya kuambiwa na hili.

Na tukizitupa za mninga, tutazipata wapi tena? Mninga unakua taratibu. Mti wa kutoa mbao unachukua miongo mingi. Novemba 2022, mkutano wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama uliingiza jamii za Afrika za mninga, mkongo na mkangazi katika Kiambatisho cha Pili, na biashara yake ya kimataifa sasa inafuatiliwa kwa vibali. Dunia imeshaona kwamba miti hii inapungua. Sisi tulio nayo sebuleni tunaiosha hadi ioze, kisha tunaiuza kwa bei ya kuni. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Matunzo ninayoyatetea hayahitaji fedha nyingi. Kila siku, kitambaa kilichokamuliwa na kingine kikavu. Maji yakimwagika, yafutwe wakati huo huo. Wakati wa deki, samani nyepesi zisogezwe na miguu ya zile nzito ikaushwe. Nyayo zake zipakwe vanishi au zipigiliwe vipande vya mpira. Doa la mafuta liondolewe kwa tone la sabuni ya maji iliyo laini, lifuatwe na kitambaa kikavu. Mara moja au mbili kwa mwaka, nta ya nyuki.

Nta hiyo tunayo. Miombo ile ile inayotupa mninga ndiyo wanamofuga nyuki watu wa Tabora, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazouza nta kwa wingi duniani. Chukua sehemu moja ya nta iliyoparwa kwa sehemu tatu za tapentaini. Weka chombo chake ndani ya sufuria ya maji ya moto iliyokwisha kuepuliwa, mbali kabisa na jiko, ukoroge hadi iyeyuke. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 60 na kitu, kwa hiyo maji ya moto yanatosha. Ikipoa, ipake kidogo sana kwenye mbao safi na kavu, iache, kisha sugua kwa kitambaa cha pamba. Mng'ao wake ni wa kutulia, na maji yakidondoka yanakaa juu yakisubiri kufutwa. Vitambaa vilivyotumika vianikwe nje, visifungiwe ndani vikiwa vimekunjwa. Atakayetumia mafuta ya kitani azingatie hilo mara mbili zaidi, kwa kuwa kitambaa chenye mafuta hayo kikikunjwa kinaweza kuwaka chenyewe.

Tusimtupie lawama dada wa kazi. Yeye anafanya alivyoelekezwa, na aliyemwelekeza anapima usafi kwa wingi wa maji. Mwenye nyumba ndiye wa kumpa vitambaa viwili badala ya kimoja, kumwonyesha, na kueleza kwa nini. Mama na baba wamfundishe hivyo hivyo mtoto anayepangusa meza baada ya chakula. Mafundi nao wana wajibu: wapake vanishi chini ya meza na kwenye nyayo za miguu, na wanapokabidhi kazi wamweleze mteja namna ya kuitunza.

Kwako unayesoma na unafikiria kumwita mnunuzi wa vitu chakavu aondoke na kochi la mninga: ligeuze kwanza. Kama ubao ni mzima na tatizo ni viungo vilivyolegea na uso uliopauka, mpelekee seremala alifungue, aligundishe na kulipiga msasa. Likirudi, lipangushe ulivyosoma hapa. Litakuzika wewe, na wanao watalirithi.